Waya wa fluksi au mtungi wa gesi: ninunue mashine ipi?

BARUA

Shikamoo Mzee Fundi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kigamboni, kazi yangu ni ya ofisini. Tangu tuhamie kwenye nyumba yetu nimekuwa nikiwalipa mafundi kwa kila kitu cha chuma: geti dogo la uani, stendi ya tangi la maji, fremu ya meza. Sasa nimeamua kujifunza kuchomelea mwenyewe, mwisho wa wiki na siku za sikukuu. Sitafuti biashara. Naipenda kazi yenyewe, na kukata kwa grenda nimeshazoea.

Tatizo limeanza nilipokwenda kwenye maduka ya mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kutafuta mashine. Muuzaji wa kwanza alinionyesha mashine ndogo ya MIG, hizi zinazosukuma waya zenyewe, isiyotumia mtungi. Inakula waya wenye unga ndani, wenyewe wanauita gesilesi. Akasema hiyo ndiyo ya nyumbani: huna gharama ya gesi, na kwa kuwa haina gesi, haina moshi. Duka la pili walinionyesha nyingine kubwa kidogo, inakubali waya huo huo na pia inakubali mtungi, lakini bei yake imeizidi ile ya kwanza kwa mbali. Nikampigia mjomba wangu, ambaye alichomelea mabodi ya mabasi miaka mingi kabla ya kustaafu. Yeye hakuzunguka: “MIG bila gesi ni kujidanganya. Mshono utajaa matundu, utaichukia kazi kabla hujaijua.” Hapo ndipo nilipokwama.

Nikueleze ninapofanyia kazi. Nyuma ya nyumba tuna kibaraza chenye paa la bati, pande mbili ukuta, pande mbili wazi. Bahari haiko mbali, na mchana upepo unapuliza hasa, nguo zinang'oka kambani. Umeme ni wa LUKU na soketi ni hizi za kawaida za ampea 13. Chuma chenyewe ni mabomba ya mraba ya inchi moja na inchi moja na nusu, unene wa ukuta milimita 1.2 hadi 1.5, pamoja na flatibaa, yaani vyuma bapa, za milimita 3. Naanza na banda la kuku, halafu fremu za meza na rafu za ndani. Mdogo wangu naye ana pikapu ya zamani ambayo sakafu yake imeliwa na kutu. Ameshaniambia siku nikijua tu, anaileta.

Mambo mawili yananitia hofu. Mwanangu wa pili ana pumu, na dirisha la chumba chake linatazama kibarazani. Halafu ule mtungi: jikoni tayari tuna mtungi wa gesi ya kupikia, sitaki kuongeza mwingine wenye presha kubwa kuliko huo, siku moja utulipukie.

Na mafundi wa mtaani wananiambia nikichomelea lazima ninywe maziwa, yanasafisha kifua. Ni kweli?

Naomba uniambie bila kuficha, ninunue ipi?

Mama Wawili, Kigamboni

MAJIBU

Marahaba, binti yangu.

Nunua ile ya duka la pili, inayokubali waya wa fluksi, yaani huo wenye unga ndani, na pia mtungi. Mtungi wenyewe usiununue bado. Chukua roli ndogo ya waya wa fluksi, jengea banda la kuku na ujifunzie humo. Fremu za meza za ndani na hiyo sakafu ya pikapu ziache mpaka utakapokuwa na gesi. Kama fedha ya mashine ya pili haijatimia, ni heri usubiri kidogo kuliko kununua ile ya kwanza, kwa sababu kazi ulizozitaja ni za aina mbili na mashine ya waya wa fluksi pekee itakutosheleza kwa aina moja tu.

Sasa nikueleze kwa nini, maana muuzaji na mjomba wako kila mmoja ameshika nusu.

Chuma kikiyeyuka hakitakiwi kuguswa na hewa. Kikiguswa hunyonya oksijeni na naitrojeni, na kikiganda hubaki na matundu, tena chepesi kuvunjika. Kila njia ya kuchomelea ina namna yake ya kuifukuza hewa. Kwenye mashine ya mtungi, waya ni chuma kitupu, na gesi hutoka kwenye nozeli, yaani mdomo wa bunduki unayoshika mkononi, ikauzunguka moto. Kwenye waya wa fluksi hakuna mtungi kwa sababu kinga iko ndani ya waya: ni mrija mwembamba uliojazwa unga, na unga ule ukiungua hutoa gesi pale pale kwenye moto, kisha huacha ganda juu ya mshono. Kazi yake ni ile ile ya dawa iliyopakwa nje ya vijiti vya kuchomelea wanavyotumia mafundi wa mtaani. Kwa hiyo aliyekwambia haina moshi hakukwambia kweli. Kati ya njia hizi mbili, ya fluksi ndiyo yenye moshi mwingi, mwingi kwa kiasi ambacho mtu wa pembeni anauona kwa macho. Hilo nitalirudia kwa ajili ya mtoto.

Mjomba wako kwa upande wake anasema kweli ya mahali alipofanyia kazi. Bodi la basi ni shiti nyembamba, na gereji ya mabasi ina kuta. Hapo gesi haina mpinzani: mshono msafi, hauna ganda la kugonga, na moto unaweza kuushusha mpaka chini kabisa bila shiti kutoboka. Lakini ile gesi inayotoka kwenye nozeli ni pumzi nyepesi tu, lita 10 hadi 15 kwa dakika. Upepo wa kilomita 8 kwa saa, ule wa kutikisa majani, unatosha kuanza kuisogeza. Upepo unaong'oa nguo kambani utaipeleka yote kwa jirani, na matundu anayoyaogopa mjomba utayapata ukiwa na mtungi uliojaa. Wanaoanza wengi hapo huongeza gesi, wanafungua regulata, kile kifaa cha kupunguza presha kwenye mtungi, zaidi na zaidi. Haisaidii. Gesi ikitoka kwa kasi sana huzunguka na kuvuta hewa ndani yake, mshono unazidi kuharibika na mtungi unakwisha.

Waya wa fluksi unastahimili zaidi, kwa sababu gesi yake inazaliwa kwenye moto wenyewe na ganda linaufunika mshono unapopoa. Ndiyo maana kwa banda la kuku, utakalolijenga uani kwenye upepo, nakwambia tumia huo bila wasiwasi. Gesi utakuja kuitumia asubuhi mapema, kabla upepo wa bahari haujaanza, huku umeegemeza ubao wa plaiwudi upande unaovuma. Miezi ya kusi utahitaji ubao huo karibu kila siku.

Tuje kwenye unene wa chuma, maana hapa ndipo wengi wanapokata tamaa. Kanuni ya kuanzia ni ampea 40 hivi kwa kila milimita ya unene. Bomba lako la milimita 1.2 linataka kama ampea 50, flatibaa ya milimita 3 kama 120. Waya wa fluksi haupendi kushushwa sana: ukiushusha mno unagonga-gonga, unarusha vitone vya chuma kila mahali na moto unakatika. Kwa hiyo milimita 1.2 iko karibu kabisa na ukingo wa kile unachoweza kukifanya kwa waya huo. Kinawezekana, ila kwa utaratibu. Nunua waya wa milimita 0.8, si wa 0.9. Usivute mshono mrefu. Bonyeza kitufe, hesabu moja-mbili, achia, ngoja wekundu ufifie mpaka ukaribie kupotea, kisha weka doa jingine likipanda nusu ya lile la kwanza. Ukifika kwenye kona ya bomba, elekeza moto kwenye upande mnene zaidi, yaani mahali ambapo chuma kinaendelea, siyo kwenye ncha iliyokatwa. Ncha iliyokatwa haina pa kupeleka joto, ndiyo inayotoboka kwanza. Na kata zako zikutane vizuri. Pengo la milimita 2 kati ya mabomba ya milimita 1.2 ni kujitafutia tundu, kwa waya wowote.

Kuna jambo moja muuzaji hatakukumbusha, na mimi nikikuta mtu analalamikia waya wa fluksi huliangalia kabla ya jingine lolote. Fungua kifuniko cha pembeni, pale roli la waya linapokaa. Kwenye mashine nyingi utaona waya mfupi mnene unaounganisha bunduki na moja ya ncha mbili, chanya au hasi; kwenye nyingine unaning'inia mbele, chini ya matundu ya kebo. Waya mtupu wenye gesi unataka bunduki iwe chanya. Waya huu wa fluksi usiotumia gesi unataka bunduki iwe hasi na koleo la aethi, lile linalobana chuma unachokichomelea, liwe chanya. Mashine nyingi hutoka kiwandani zimefungwa upande wa gesi. Mtu anaweka waya wa fluksi, anabonyeza, anapata mshono uliokaa juu ya chuma bila kupenya, vitone kama mvua, halafu anasema waya ni mbovu. Zima mashine, chomoa kwenye soketi, geuza hizo ncha, rudisha kifuniko. Waya mwenyewe usome kwenye boksi: E71T-GS ni wa mshono mmoja tu kwenye vyuma vyembamba, E71T-11 unakubali mishono juu ya mishono. Kwa kazi zako wowote kati ya hiyo unafaa. Epuka E71T-1 hata kama ni wa bei nzuri, kwa sababu huo una fluksi ndani na bado unadai mtungi.

Rola za kusukuma waya nazo zinatofautiana. Waya wa fluksi ni laini kwa kuwa una uwazi ndani, ukibanwa kwa nguvu na rola laini unabonyea na kuteleza. Tumia rola yenye meno, na uikaze kiasi cha kuushika tu. Bunduki uivute kuelekea kwako ili ganda libaki nyuma ya moto. Ukiisukuma, ganda linaingia ndani ya mshono na kunaswa humo. Acha waya utoke kwenye tipu, ile ncha yenye tundu unapopita waya, kiasi cha milimita 15 hadi 20. Utakapohamia kwenye gesi, waya utoke milimita 10 hivi, na hapo unaweza kuisukuma bunduki. Sauti ikikaa sawa utaijua: inachachatika mfululizo kama dagaa kwenye mafuta ya moto. Ikipasuka-pasuka kwa vishindo, waya unakwenda kasi kuliko moto. Punguza kasi kidogo au ongeza volti.

Ganda liondoe lote. Hili nalisisitiza kwako kuliko ambavyo ningelisisitiza kwa mtu wa Dodoma, kwa sababu hewa ya Kigamboni ina chumvi. Mabaki ya fluksi yanavuta unyevu, na ukipaka rangi juu yake kutu huanza chini ya rangi, kwenye mishono, mahali ambapo hutaki kabisa ianze. Gonga kwa nyundo ndogo, sugua kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, pitisha msasa wa grenda kwenye vitone, futa vumbi, ndipo upake praima, siku hiyo hiyo. Roli la waya nalo usiliache ndani ya mashine kibarazani. Litoe, lifungie kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, utie vifuko vile vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Unga ulionyonya unyevu huchimba vijia kama vya minyoo juu ya mshono, na waya ulioota kutu unakwama kwenye bunduki.

Mtungi sasa. Hofu yako naielewa, lakini umeiweka mahali pasipo pake. Gesi ya kupikia inawaka. Gesi za kuchomelea chuma, yaani kaboni dayoksaidi na agoni, haziwaki hata ukizimiminia moto. Kaboni dayoksaidi hiyo hiyo ndiyo iliyomo kwenye soda na kwenye baadhi ya mitungi ya kuzimia moto. Hatari yake ni mbili. Moja ni presha: mtungi ukianguka na valvu ikavunjika, unaruka. Kwa hiyo usimame wima, ufungwe kwa mnyororo ukutani, usiachwe juani, na ukisafirishwa kofia ya valvu iwe juu yake. Pili, gesi hizi ni nzito kuliko hewa, zinakaa chini na kuisukuma hewa nje. Ikivuja kwenye stoo iliyofungwa, mtu anaweza kuingia na kuanguka bila kunusa chochote. Mtungi ukae kibarazani, valvu ikiwa imefungwa kila unapomaliza, usilale nao ndani. Na ile gesi ya kupikia asikudanganye mtu kwamba inaweza kuunganishwa kwenye mashine. Haiwezi, na atakayejaribu atachoma nyumba.

Ukifika wakati wa kununua, mjomba atakutajia mchanganyiko, agoni asilimia 75 na kaboni dayoksaidi 25. Ni mzuri sana kwa shiti: moto umetulia, vitone vichache. Lakini huja kama gesi iliyobanwa. Mtungi wa lita 10 uliojazwa kwa presha ya ba 150 una lita 1,500 za gesi, na ukitumia lita 12 kwa dakika ni saa mbili na dakika chache za moto. Kaboni dayoksaidi tupu huwekwa kama kimiminika. Kilo moja inatoa karibu lita 540, hivyo mtungi wa kilo 10 unakupa zaidi ya saa 7 za moto ukiwaka, na kwa mtu wa mwisho wa wiki saa 7 za moto ni miezi. Vitone vitaongezeka kidogo na mshono hautapendeza kama wa mchanganyiko, lakini unapenya vizuri, na kwa kawaida bei yake iko chini. Tena ni mali ya hapa hapa: kule Rungwe, Mbeya, kwenye milima ya volkano, inatoka ardhini yenyewe na inavunwa. Mimi kwako ningeanza na hiyo, na mchanganyiko ukauhifadhi kwa siku ya pikapu ukiweza kuupata. Agoni tupu iache kwa aluminiamu. Kwenye chuma cha kawaida moto wake hauna utulivu.

Mshale wa presha kwenye mtungi wa kaboni dayoksaidi usiuamini. Maadamu ndani kuna kimiminika, presha inakaa pale pale. Ukiona unashuka, ujue umebakiwa na dakika za mwisho. Pima mtungi kwenye mizani, uzito mtupu umegongwa shingoni. Regulata nayo iwe ya gesi hiyo, maana nati za agoni na za kaboni dayoksaidi ni tofauti, na usikubali fundi akutengenezee kiunganishi cha kulazimisha. Kabla hujalipa, muulize muuzaji wa gesi jambo moja: nikimaliza, mnanijazia mtungi huu huu au mnabadilishana? Mtungi ulioununua uchochoroni bila tarehe ya kupimwa unaweza kukataliwa kila unapoupeleka.

Umeme wako unatosha. Kwa ampea 50 hadi 80 za kuchomelea, mashine ya inveta, hizi nyepesi za kisasa, inavuta kiasi ambacho soketi ya ampea 13 inakimudu. Ukipanda hadi 120 kwa zile flatibaa, soketi itaanza kuwa moto au bireka itakatika. Kwa hizo mwite fundi umeme akuvutie laini yake peke yake kutoka kwenye bodi ya umeme. Ekstensheni iwe ya waya mnene na uifungue yote, usichomelee ikiwa imeviringishwa, inapata joto mpaka plastiki inayeyuka. Soma kibandiko cha mashine pia: kikisema asilimia 60 kwa ampea 100, maana yake kwa kila dakika 10 uchomelee 6, uipumzishe 4. Joto letu la Desemba haliipunguzii kazi, ipumzishe zaidi.

Na mtoto. Mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa kuchomelea kwenye kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu. Kwa mwenye pumu huhitaji kungoja saratani, moshi wenyewe unatosha kumwamsha kifua. Hii ndiyo sababu kubwa, kuliko uzuri wa mshono, inayonifanya nikutake uwe na njia ya kuhamia kwenye gesi. Gesi nayo ina moshi, ila mchache. Kwa sasa, siku ya kuchomelea kwa fluksi toka kibarazani kabisa. Peleka meza ya kazi upande wa pili wa uwanja, mahali ambapo upepo unatoka nyumbani kwenda nje, ufunge lile dirisha, na mtoto awe ndani upande wa mbele, au zaidi ya hapo, awe kwa bibi yake. Wewe usimame upepo ukikupiga ubavuni. Ukikupiga mgongoni, moshi unazunguka mbele ya kifua na kuingia ndani ya kofia. Vaa barakoa ya kuchuja, yenye alama ya FFP2 au N95, chini ya kofia ya kuchomelea. Kitambaa cha kanga hakichuji kitu. Na nguo za kazi usiingie nazo ndani kumkumbatia mtoto.

Maziwa kunywa ukiyapenda, hayasafishi kifua. Yanakwenda tumboni, moshi uko kwenye mapafu, wala havikutani. Imani hii imeenea kwa sababu ya bomba lenye zinki, lile jeupe la maji. Ukilichomelea, zinki inachemka kabla chuma hakijayeyuka, kwenye nyuzi 907 za sentigredi, na inatoa moshi mweupe mzito. Ukiuvuta, baada ya saa kadhaa unapata baridi, homa, kichwa na maumivu ya mwili kama malaria, kisha baada ya siku moja au mbili inaondoka. Inaondoka kwa aliyekunywa maziwa na kwa ambaye hakunywa. Wewe kwa banda la kuku pwani utashawishika kununua mabomba ya zinki kwa sababu ya kutu. Ukiyanunua, saga zinki yote sentimita 3 kila upande wa mshono, ndani ya bomba pia kadiri unavyofikia, ukiwa umevaa barakoa, na baada ya kuchomelea paka rangi yenye zinki. Ukiweza kuepuka, nunua bomba jeusi uchomelee, kisha upake rangi vizuri.

Macho sitaki kuyazungumza kwa kirefu kwa kuwa naamini kofia utanunua. Kioo kiwe namba 10 au 11, na ile inayojitia giza yenyewe inamsaidia sana anayeanza kwa sababu unaona unapoanzia. Miwani ya jua wanayovaa vijana mtaani haizuii mwanga huu. Usiku utahisi mchanga machoni, na watoto wanaopita na kutazama watahisi hivyo hivyo.

Vijiti hukuniuliza, lakini mashine nyingi za aina uliyoonyeshwa duka la pili zinavikubali pia. Kijiti cha milimita 2.5 kwenye flatibaa zako kitafanya kazi nzuri. Kwenye bomba la 1.2, kwa mkono unaojifunza, kitakutoboa kila dakika. Na ukipata nafasi ya kozi fupi kwenye chuo cha ufundi cha VETA, nenda, hata kama unajua tayari utakachofanya. Mtu akisimama begani kwako akakuona unavyoshika bunduki, atakurekebisha jambo ambalo barua haiwezi.

Stendi ya tangi la maji, ngazi, au chochote ambacho mtu atasimama juu yake au chini yake, kipindi hiki cha kujifunza mwachie fundi mzoefu. Tangi la lita 1,000 ni tani moja ya maji. Wewe choma vipande vya majaribio kwanza, kisha uvibane kwenye jiliwa na uvipige nyundo mpaka vikunjike. Mshono ukibanduka na kuacha chuma cha chini kikiwa laini na kimetulia, haujapenya. Bomba likikunjika au kupasuka pembeni na mshono ukabaki, hapo unaanza kwenda.

Pikapu ya mdogo wako mwambie asubiri, kwa maneno haya haya. Sakafu ya gari ni shiti ya karibu milimita 0.8, tena imeshaliwa na kutu, hiyo ni kazi ya gesi na waya mtupu wa milimita 0.6, doa kwa doa, ukiruka kutoka upande hadi upande ili shiti isipinde. Kata kutu yote mpaka ufikie chuma kizima, usijaribu kushona juu ya kutu. Kabla ya yote toa waya wa betri, ng'oa viti na zulia, angalia bomba la mafuta linapita wapi chini ya sakafu, na tangi la mafuta kama liko karibu litolewe kabisa. Yeye mwenyewe akae chini upande wa pili na ndoo ya maji na mtungi wa kuzimia moto, akitazama cheche zinapoangukia, na asiondoke hapo kwa nusu saa baada ya wewe kuzima mashine.